Chombo Hakina Breki

4 Februari

Shikamoo Mjomba,

Sisi huku tunapumua. Baba hajambo, ila magoti yanamsumbua asubuhi. Akishasimama kwenye geti la kiwanda saa moja hivi, anasema yanazoea, kama yeye alivyozoea. Paka amezaa watatu ndani ya boksi la vitabu vyangu vya mwaka jana na hataki mtu asogee. Mimi nina miaka kumi na sita sasa. Huenda bado unanifikiria na meno ya utoto.

Namba yako ya simu ninayo, ila kwenye simu mimi nakuwa kama mtu aliyemeza sabuni. Anwani nimeitoa nyuma ya bahasha uliyotuma mwaka juzi, ile yenye kadi isiyo na neno hata moja ndani. Baba aliigeuzageuza, akaiweka juu ya kabati. Bado iko pale.

Nina maswali mawili. La kwanza ni la shule. Mwalimu wa kompyuta ametuambia kila mmoja achague kitu kilichopitwa na wakati aeleze kama kinaweza kurudi. Wenzangu wamechukua kaseti, kamera za mkanda, simu za kuzungusha. Mimi nimechukua michezo ya kompyuta ya vita vya angani. Sio ile ya kubonyezabonyeza, ni ile ya kuendesha kweli, ambayo unakaa ndani ya chombo na geji zako na mafuta yako na adui yuko nyuma ya mgongo. Kama ule uliotengeneza wewe. Je, itarudi?

Nauliza kwa sababu nimeupata. Stoo, nyuma ya mashine ya randa ya baba, chini ya turubai, iko ile kompyuta yako na joistiki iliyofungwa utepe mweusi wa gundi. Diski imo kwenye boksi lake, na ile picha ya chombo uliyochora mwenyewe, bawa la kushoto limepinda. Niliiwasha nikiwa tayari kukimbia isilipuke. Ikanguruma, ikawaka.

Wiki ya kwanza nilikuwa nagonga kila kitu. Sikujua kwamba chombo hakina breki. Nilikuwa naachia joistiki nikitegemea kisimame, nacho kinaendelea tu kama hakijanisikia. Ndipo nikasoma kitabu chako cha maelekezo, ukurasa wa nne: ukitaka kusimama, geuka, washa injini upande uliotoka, na uanze mapema kuliko unavyodhani. Sasa najua. Maadui nawapiga, narudi kituoni taratibu, nafika mbele ya lango.

Hapo ndipo penye swali la pili, na hili si la shule.

Lango halifunguki. Chini ya skrini panaandikwa: Subiri sauti ya mnara. Nami nasubiri. Mnara hausemi kitu. Diski imekwaruzika, na nadhani imekwaruzika hapohapo, kwa sababu kila kitu kingine kinalia isipokuwa sauti ya mtu. Hewa ya chombo inaisha, nakufa mlangoni. Siku tisa mfululizo nimekufa mlangoni.

Nyuma ya boksi, kwa herufi ndogo, umeandika: Sauti ya mnara. Kisha jina la mama.

Mjomba, nilikuwa na miaka mitano. Uso wake ninao kwenye picha. Mikono yake naikumbuka, au nadhani naikumbuka. Sauti sina. Nikijaribu kumsikia, anakuja na sauti ya shangazi, na nachukia.

Naomba unitumie sauti za mnara. Baba hajui kama nimekuandikia.

Mpwa wako


21 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako haikuchelewa, mkono wangu ndio uliochelewa. Mimi mzima. Ni fundi wa lifti siku hizi, majengo marefu, nyaya na mafuta ya gia mpaka kwenye nyusi. Kila lifti ina mwanamke ndani yake anayetaja ghorofa. Nimejifunza kumzima sauti kabla sijaanza kazi. Wenzangu wanasema nina kichaa kidogo. Waache.

Swali la shule: mwambie mwalimu wako hapana. Haitarudi.

Sisi tulitengeneza mchezo unaomtaka mtu akae, ashike joistiki, asome kitabu cha kurasa sitini ndipo aruke. Leo mtu akisubiri lifti kidogo tu anabonyeza kitufe mara saba, kana kwamba lifti ni mbuzi wa kuswagwa. Nawaona kila siku. Huyo ndiye atakayejifunza kugeuza chombo na kuwasha injini kinyume? Wenye maduka waliacha kuuza joistiki, kwa hiyo watu wakaacha kununua michezo yake. Watu walipoacha kununua, wenye maduka wakasema si mnaona. Kisha wakaja wajanja na vyombo vinavyosimama ukiachia kidole. Mpwa wangu, angani hakuna kitu kinachosimama ukiachia kidole. Lakini watu hawakutaka kuendesha, walitaka kulipua.

Utaona mtandaoni wanaosema inarudi. Hao ni watu wazima wanaolilia ujana. Wananunua, wanacheza Jumapili mbili, wanaweka kabatini. Kilichokufa hakirudi. Kikirudi, kimevaa ngozi ya kitu kingine.

Kuhusu zile sauti: hazipo. Usinisumbue nazo. Na hata zingekuwepo si za maana, ni maneno manne matano ya kazi. "Rubani, jitambulishe." "Punguza mwendo." "Lango liko wazi, karibu nyumbani." Ile "karibu" alikuwa anaivuta mwishoni, nikimwambia aifupishe anacheka na inabidi turudie upya. Ndiyo hayo tu. Ukiyasoma umeyasikia.

Soma masomo ya maana. Msalimie shemeji.

Au usimsalimie.

Mjomba wako


2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Wale paka watatu wamefumbua macho. Baba amekatazwa chumvi na daktari, anakula kama mtu anayeadhibiwa. Asante kwa barua. Niliisoma kwenye choo cha shule, ndiko pekee ninakoweza kufunga mlango.

Ile kazi niliisoma mbele ya darasa. Ningeweza kukuficha, lakini nimeamua kwenye barua hizi sifichi. Nilisimama, karatasi ikitetemeka mpaka waliokaa mbele wakaanza kujipepea kwa mzaha. Mwalimu akasema, "Sauti, binti! Hata mbu anasikika." Yule kijana anayeuza pipi chini ya dawati akajibu, "Mwache mwalimu, betri yake inachaji." Darasa likaangua kicheko. Nikasoma hivyohivyo. Mwisho huyohuyo wa pipi akauliza, na safari hii hakuwa anatania, "Sasa mtu ajisumbue ya nini na chombo kisichosimama?" Nikasema, "Kwa sababu kikisimama, umekisimamisha wewe." Akasema, "Kumbe anaongea!" Lakini alisema kwa heshima. Nimepata alama nzuri, na niliandika kwamba itarudi. Samahani.

Hao wa mtandaoni sio kama ulivyosema. Nimejiunga na jukwaa lao. Wanaandika Kiingereza, na ajabu ni kwamba kwa Kiingereza sina aibu, labda kwa sababu hakuna aliyewahi kunicheka kwa Kiingereza. Yuko muuguzi anayecheza akitoka zamu. Anasema wodini mambo yanamponyoka bila kujua kosa lilikuwa la nani, ila ndani ya chombo akigonga lango anajua kabisa wapi alichelewa. Yupo dereva wa lori aliyejitengenezea pedali kwa mbao. Wanakarabati michezo ya zamani, mmoja baada ya mwingine, bila malipo. Nilipowaambia uko mchezo ambao mnara unasema Kiswahili, waliuliza mara tatu kama nasema kweli. Wanasema nikipata sauti za asili, watanielekeza jinsi ya kuziba palipokwaruzika.

Unaona ninachotaka kusema. Uliandika kwamba sauti hazipo. Halafu ukaniambia jinsi anavyoivuta ile "karibu". Mjomba, mtu hakumbuki namna hiyo kitu cha miaka kumi na moja. Mtu anakumbuka hivyo kitu alichokisikia juzi.

Nina jambo jingine, na hili linaniuma kuliko mnara.

Meza yangu ya kusomea imevunjika mguu. Nikamwambia baba. Akasema, "Tutamwita fundi."

"Si wewe fundi?"

"Nilikuwa."

Tangu nipate akili sijawahi kumwona akishika msumeno. Nilidhani ni uvivu au uzee. Siku hiyo, sijui nilipata wapi mdomo, nikamuuliza kwa nini. Akavua kofia ya ulinzi, akaipangusa, akaivaa tena. Akasema, "Vumbi, mwanangu. Soko lilipobomolewa nilihamishia karakana hapa uani. Mwezi wa sita. Mwezi wa saba mama yako anakohoa kutwa. Tulipokuja kumpeleka hospitali, daktari akasema tumechelewa. Mimi nilikuwa napiga randa dirishani kwake."

Nikasema daktari hakusema ni vumbi. Akasema, "Daktari hakusema. Shangazi yako ndiye alisema, siku ya msiba, watu wote wamekaa. Mjomba wako alikuwepo. Hakunitetea. Aliangalia chini. Mtu akiangalia chini namna ile, ameshahukumu."

Meza nimeifunga kwa waya.

Ni kweli ulimhukumu, Mjomba?

Mpwa wako


30 Mei

Shikamoo Mjomba,

Baba mzima. Paka wawili wamechukuliwa, mmoja amebaki.

Karibu miezi miwili sasa. Nilidhani barua imepotea, nikaenda posta. Yule mama wa dirishani akaniambia, "Binti, barua hazipotei siku hizi, zinapuuzwa."

Sitauliza tena kama michezo itarudi. Nauliza lile moja tu. Kama ulimhukumu, mwandikie yeye. Yeye kila jioni anapita mbele ya kabati lenye kadi yako na hajawahi kuitupa. Kama hukumhukumu, kwa nini uliangalia chini?

Bado nakufa mlangoni. Sio kila siku.

Mpwa wako


19 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba kwa barua zote mbili. Mimi mzima wa mwili. Nimeiandika barua hii mara nyingi na kila mara nilikuwa nachana panapoanzia ukweli, kwa hiyo leo naanzia hapo.

Tulirekodi stoo, mama yako na mimi. Tulisimamisha magodoro mawili kuzunguka kiti, tukamfunika blanketi kichwani na maikrofoni ndani, ili sauti ya mtaa isiingie. Alikuwa anatoka humo amelowa jasho anasema, "Fundi, mnara wako ni jiko." Tulianza mwezi wa kwanza. Soma tena hapo. Mwezi wa kwanza.

Alikuwa anakohoa.

Hujawahi kuona kikohozi kwenye skrini. Sauti inakuwa mstari, na kikohozi ni mlima mmoja mwembamba, halafu vichuguu vinaufuata. Kazi yangu ilikuwa kuvikata. Nachagua, nakata, naunganisha, sentensi inakuwa safi. Mwezi wa pili nilikuwa navijua kwa macho kabla sijavisikia. Mwezi wa nne ule mlima ulikuwa umenenepa. Niliona. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na picha ya kifua cha dada yangu, kila wiki, imepangwa kwa tarehe, na mimi nilikuwa naipunguza tu nipate nafasi ya neno linalofuata.

Nilikuwa namwambia, "Rudia, dada, umekohoa." Naye anasema, "Samahani fundi." Aliniomba samahani, mpwa wangu.

Mara moja nilimuuliza, "Hicho kifua vipi?" Akasema, "Mafua tu. Usimwambie shemeji yako, atanikataza kurekodi. Wewe niambie niseme nini." Baba yako alikuwa anaondoka alfajiri kwenda sokoni, anarudi jioni, na yeye alikuwa anakunywa dawa ya kifua dakika chache kabla hajarudi. Mimi ndiye niliyekuwa naitunza hiyo chupa, nyuma ya kompyuta. Kampuni ilikuwa imenipa mpaka mwisho wa mwezi wa nane kumaliza mchezo. Nilihesabu kwamba mafua yangemalizika kabla ya hapo. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawasemi lolote kuhusu anayemsaidia kuficha.

Mwezi wa sita karakana ikaja uani, na vumbi likaja nayo. Likawa kama mgeni aliyefika baada ya wizi akakutwa mlangoni. Mama yako akaanza kukohoa mbele za watu, kwa sababu sasa kilikuwepo cha kusingizia. Siku ya msiba, shangazi yako alipolitaja lile vumbi, unauliza kwa nini niliangalia chini. Sikumhukumu baba yako. Niliangalia chini kwa sababu nilikuwa nashukuru. Nilishukuru kwamba vumbi lipo.

Nikaondoka kabla ya arobaini. Mchezo ukatoka mwishoni mwa mwaka. Haukumaliza miezi kumi madukani. Hicho ndicho nilichoficha maradhi ya dada yangu kwa ajili yake: kitu kisichomaliza miezi kumi. Niliposema haitarudi, sikuwa natabiri. Nilikuwa naomba.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Ina folda mbili. Moja inaitwa Safi, ni mnara wako wote. Nyingine inaitwa Takataka, ni vile nilivyokata. Mashine nzima niliiacha kwenu lakini hivyo nilivichukua, na kila nikibadilisha kompyuta navihamisha, sijawahi kuweza kufuta. Kila kimoja kina tarehe yake. Umo wewe pia humo, unagonga mlango unataka kuingia na mama yako anakwambia kitu.

Uamue mwenyewe cha kumwonyesha baba yako. Najua hilo pia ni woga, kukuachia wewe.

Mjomba


16 Agosti

Mjomba,

Shikamoo nimeiruka makusudi. Ningeiandika ingekuwa ya uongo, na nilikuahidi sifichi.

Nilianza na Safi. Watu wa jukwaa walinielekeza, ikachukua siku nne. Siku ya tano nilirudi kituoni, nikageuka mapema, nikasimama mbele ya lango kimya kabisa. Mama akasema, "Rubani, jitambulishe." Nikabonyeza. Akasema, "Punguza mwendo," na mimi nilikuwa nimeshasimama. Kisha, "Lango liko wazi, karibu nyumbani." Anaivuta kweli. Lango likafunguka. Sikulia. Nilishangaa tu kwamba sauti yake ni nzito, mimi nilikuwa namkumbuka mwembamba. Ilikuwa nzuri, Mjomba, na ilikuwa kama mtu aliyepigwa pasi. Hapumui. Ulimkata hata pumzi.

Ndipo nikafungua Takataka.

Ilikuwa saa kumi, baba hajarudi, nikatumia spika. Nilienda kwa tarehe, tangu mwezi wa kwanza. Sitakuelezea, wewe unavijua kuliko mimi. Nilipofika mwezi wa tatu nikasikia mlango wa stoo, na baba yuko pale na sare yake, mkoba wa chakula mkononi.

"Nani anakohoa?"

Nilimeza ile sabuni yangu. Yeye hakuhitaji jibu. Alikaa juu ya ndoo ya rangi, polepole, akishika ukuta.

"Hicho ni chake," akasema. "Hicho cha mwisho huwa anakimalizia puani."

Nikamwonyesha tarehe. Akaweka uso karibu na skrini, macho yake siku hizi si mazuri.

"Hapa pameandikwa mwezi wa tatu?"

"Wa tatu, baba. Vinaanza wa kwanza."

"Mimi nilihamisha wa sita."

"Ndiyo, baba."

"Wa sita," akasema tena, kama mtu anayemkumbusha karani. Akaniambia nirudishe kile cha kwanza kabisa. Nikakirudisha. Akasikiliza. Kisha akauliza, "Na mjomba wako alikuwa anavisikia?" Nikampa barua yako aisome mwenyewe. Aliisoma yote. Hakutukana. Ningependa angetukana.

Aliinuka akaenda kwenye randa yake, akatoa turubai. Akapitisha kidole kwenye ule ubapa. Kikatoka chekundu. "Imeliwa na kutu," akasema. Akaifunika tena vizuri, pembe zote nne, akaenda kupasha chakula. Meza yangu bado ina waya. Usifikirie kwamba barua yako imemrudishia mtu mikono yake. Miaka kumi na moja, Mjomba, alifungua na kufunga geti la watu wengine kwa sababu wewe uliangalia chini.

Nilichofanya baadaye ni hiki. Nimejifunza kukata na kuunganisha, kama wewe. Nimevichukua vilivyokuwa Takataka nikavirudisha mahali pake, kwa tarehe zake, kimoja kimoja. Sasa mnara unakohoa. Anasema, "Lango liko wazi," anakohoa, anavuta pumzi, anasema, "karibu nyumbani." Na ukimaliza vita vyote mpaka mwisho, unasikia mtoto anagonga mlango, na yeye anasema, "Subiri nje, mama, naongoza vyombo." Ni mimi niliyekuwa nimesubirishwa. Nalikumbuka lile blanketi sasa.

Nimeuweka kwenye jukwaa, bure. Uliniambia hakuna atakayecheza. Wanacheza. Sio wengi, lakini wapo, na dereva wa lori ameomba kutengeneza kwa mbao chombo kama kile cha kwenye picha yako, bawa lililopinda na vyote. Kwa hiyo jibu la swali la shule ni kwamba imerudi, na imerudi na kila kitu ulichokata.

Wa kwanza kuandika alisema kuna kelele kwenye mafaili, nizisafishe. Nikamwambia sio kelele. Wa pili alikuwa yule muuguzi. Haelewi neno hata moja la Kiswahili. Alikuwa ameucheza mara moja tu, ametoka zamu, amechoka. Aliandika mstari mmoja: huyo mwanamke wa mnarani apelekwe hospitali.

Mara moja, Mjomba. Alisikia mara moja.

Kadi yako bado iko juu ya kabati. Baba ameishusha, ameifungua, ameirudisha. Sijui maana yake na sikumuuliza. Anwani yetu haijabadilika. Ukurasa wa nne uliandika wewe mwenyewe kwamba mtu aanze kugeuka mapema, na wewe mapema hukuwahi, kwa hiyo utagonga kitu, hilo ujue.

Lango liko wazi. Lile neno linalofuata lilikuwa la mama, mimi sitalisema.

Mpwa wako